Kuimba nambari si kuhesabu

JIRANI yangu mmoja mtaani Umoja, Nairobi, ana binti wa miaka 4 ambaye ni sifa ya ploti nzima. Mgeni akiingia tu, mtoto husimamishwa kando ya kochi na kuambiwa ahesabu. Naye huanza moja, mbili, tatu, na hakomi mpaka afike hamsini, kisha hupigiwa makofi.

Jumamosi moja mama yake alikuwa mlangoni akimenya viazi. Akamwambia, "Mama, hebu niletee viazi vinne kutoka kwenye karai." Mtoto akarudi amevikumbatia kifuani, vingine vikimwanguka njiani. Alipoulizwa ameleta vingapi alianza kuimba nambari zake huku kidole kikirukaruka, akavipita viazi na kufika kumi na tisa. Vilikuwa saba.

"Si unajua kuhesabu wewe? Unanifanyia madharau?" Kofi likatua kabla sijasema neno. Jioni hiyo mama mtu alikuwa ameshaamua kwamba mwalimu wa chekechea hafanyi kazi na kwamba atafute mtu wa kumfundisha mtoto jioni kwa malipo.

Naandika makala haya kwa sababu ya kofi hilo na kwa sababu ya pesa hizo. Mtoto yule hakuwa na madharau, na mwalimu wake huenda hana kosa lolote. Alikuwa mahali ambapo kila mtoto hupita anapojifunza hesabu, na ambapo wazazi wengi hatupajui.

Wimbo na idadi

Mzazi, fikiria wimbo ambao mtoto wako anaujua wote lakini haelewi maneno yake. Moja mpaka hamsini inaweza kuwa wimbo wa namna hiyo. Ni jambo jema kuujua, kwa maana maneno yenyewe lazima yakaririwe kwanza, lakini ni mwanzo tu.

Mwaka wa 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walitoa kitabu ambamo walieleza mambo ambayo mtoto hana budi kuyashika ili aweze kusemwa kweli anahesabu. Kila kitu kipewe neno moja, kisirukwe wala kisitajwe mara mbili. Maneno yafuate mpangilio ule ule kila siku. Neno la mwisho ndilo jibu la swali "ni vingapi?" Tena haidhuru uanze na kitu kipi, na unaweza kuhesabu chochote, hata milio ya kengele.

Hilo la neno la mwisho ndilo gumu. Mhesabie mtoto vijiko vitano pole pole, kisha umuulize, "Kwa hivyo ni vijiko vingapi?" Wengi wa miaka 3 hawatasema "vitano". Wataanza kuhesabu upya, kana kwamba swali la "ngapi" ni amri ya kuimba tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu mwingine, Karen Wynn, alionyesha jinsi ujuzi huu unavyoingia. Mtoto hufahamu maana ya moja kwanza. Wakati huo ukimwomba vitu viwili au vitano, atakupa konzi tu. Miezi kadhaa hupita kabla hajaifahamu mbili, na mingine kabla ya tatu. Halafu siku moja, kama mtu aliyefunguliwa mlango, hung'amua kanuni yenyewe, na kuanzia hapo anaweza kukupa idadi yoyote ambayo anaweza kuihesabu. Wengi hufika hapo wakiwa kati ya miaka 3 na nusu na miaka 4 na nusu, na wapo wanaochelewa kidogo wala si wagonjwa.

Mchezo wa "nipe"

Unaweza kujua mtoto wako yuko wapi kwa dakika tano. Keti naye sakafuni na vitu kumi vinavyofanana, kwa mfano vibanio vya nguo. Mwambie, "Nipe kimoja." Akikupa, virudishe vyote pamoja. "Nipe viwili." Endelea hivyo, ukichanganya ili asikisie. Pale atakapoanza kuchota bila kuangalia ndipo mpaka wake ulipo.

Nilimfanyia binti wa jirani. Moja na mbili alizijua vizuri sana. Tatu ilimshinda. Kwa hivyo mtoto aliyeimba mpaka hamsini alikuwa amezielewa nambari mbili tu, na mama yake alikuwa amemwomba nne.

Baada ya kuujua mpaka, usiruke. Anayeijua mbili afundishwe tatu, na wiki nzima iwe ya tatu: ndizi tatu, vifungo vitatu vya shati, ngazi tatu za mlangoni. Usihangaike na kumi.

Fundisha hivi. Taja idadi, hesabu, kisha taja idadi tena. "Hapa kuna vitunguu vitatu. Kimoja, viwili, vitatu. Vitatu!" Hesabu huku ukigusa au, bora zaidi, ukihamisha kila kimoja kutoka upande huu hadi ule, ili mtoto aone kilichohesabiwa kimeondoka. Watoto wengi hukosea kwa kupotea njiani, na kuhamisha huwatibu.

Je, mambo haya yana uzito gani? Mwaka wa 2007 Greg Duncan na wenzake waliunganisha uchunguzi 6 uliowafuata watoto wa Marekani, Uingereza na Kanada kwa miaka mingi. Waliona kwamba hesabu aliyokuwa nayo mtoto alipoanza shule ndiyo iliyoashiria zaidi matokeo yake ya baadaye, hata kuliko kujua herufi au kutulia darasani. Hiyo haina maana kwamba ukimfundisha mwanao kuhesabu leo basi amekwisha kufaulu; dalili na sababu ni vitu viwili. Lakini inatosha kutufanya tusilichukulie jambo hili kuwa kazi ya mwalimu peke yake.

Tena tofauti huanza mapema. Susan Levine na wenzake waliwatembelea wazazi na watoto 44 katika eneo la Chicago, mara 5 kila nyumba, watoto wakiwa kati ya miezi 14 na 30, na wakarekodi mazungumzo yao ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2010. Katika ziara zote hizo mzazi mmoja alitamka maneno ya nambari mara 4 tu, na mwingine zaidi ya mara 250. Watoto waliosikia nambari nyingi zaidi ndio walioelewa idadi vizuri walipofika miezi 46. Uchunguzi uliofuata wa kundi hilo ulionyesha kwamba mazungumzo yaliyofaa zaidi ni ya kuhesabu vitu vilivyo mbele ya macho, hasa idadi za kati ya 4 na 10.

Nambari hizo hazina bei. Mzazi anayerudi saa mbili usiku akiwa amechoka kwa foleni ya magari bado anaweza kuzitumia mezani.

Jikoni na kwa mama mboga

Anza na sahani. Mwambie mtoto alete sahani za watu wote walio nyumbani. Usimwambie idadi, mwache agundue mwenyewe kwamba moja imepungua. Hapo amejifunza kulinganisha kitu kwa kitu, ambako ndiko kuhesabu kulikozaliwa. Huenda nyanya yake akakukataza kuhesabu watu, kwani katika jamii zetu kadhaa ni mwiko kuwahesabu watoto au ng'ombe. Usibishane naye. Hesabuni sahani.

Mtoto akaribie pia kazi ya kuchambua maharagwe. Mekundu hapa, ya madoadoa pale, mabovu kando. Kupanga vitu kwa aina ni hesabu hata kama hakuna nambari iliyotajwa. Kuna soksi za kuunganishwa kwa jozi, na kuna chapati ya kukatwa nusu, kisha robo. Wakati wa kusonga ugali mpe kikombe apime maji mara ngapi, kabla sufuria haijawekwa motoni.

Siku moja atalia kwamba juisi ya kakake ni nyingi kuliko yake, ilhali umemimina sawa, ila gilasi ya kaka ni nyembamba na ndefu. Usimwite mlafi. Jean Piaget, yule mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka wa 1980, alionyesha kwamba mtoto wa miaka 4 au 5 hudanganywa na urefu. Ukipanga vifuniko sita vya chupa karibu karibu, kisha sita vingine kwa kuviachanisha, atakuambia mstari mrefu ndio wenye vingi. Mimina juisi kutoka gilasi moja hadi nyingine mbele yake, mara kwa mara, na mwache ashangae. Umri nao utafanya kazi yake.

Kwa mama mboga kuna darasa kamili. Nyanya zimepangwa mafungu, na kila fungu lina idadi. Muulize mtoto ni fungu lipi lina nyingi, halafu mzihesabu pamoja. Mpe sarafu alipe mwenyewe. Sarafu zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Mtoto huwapenda wanyama hao upesi, lakini mpe achague kati ya twiga watano na simba mmoja, naye atachukua twiga kwa kuwa ni wengi. Ni somo zito hilo, kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama mahali pa kumi, na halifundishiki kwa siku moja.

Hapa nina lalamiko. Siku hizi karibu kila kitu tunalipia kwa simu. Mtoto anaona mama akibonyezabonyeza na mkate unatoka dukani. Hakuna chenji anayoiona ikihesabiwa. Ukiweza, weka shilingi chache kwenye kikopo kwa ajili ya ununuzi wa mtoto tu.

Usidharau hesabu ya sokoni. Huko Recife, Brazili, Terezinha Nunes na wenzake wawili waliwachunguza watoto 5 wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu barabarani. Matokeo ya mwaka wa 1985 yalisema kwamba walipouza walipata hesabu 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna ile ile kwa karatasi na kalamu, walipata 37 tu. Walikuwa na akili ya hesabu. Kilichowashinda ni kuihamishia kwenye karatasi. Mtoto wa chekechea anayekabidhiwa tarakimu za kunakili ukurasa mzima kabla hajashika kitu mkononi anaanzishwa kwa upande ule mgumu.

Kumi na moja au "eleven"?

Wazazi wengi wa mjini huhesabu na watoto kwa Kiingereza ili wasichekwe shuleni. Sisemi waache, maana shule nyingi za kibinafsi hufundisha kwa lugha hiyo. Lakini angalia jinsi maneno yalivyojengwa. Kiswahili husema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Mtoto anasikia kwa masikio yake kwamba hii ni kumi, na juu yake kuna moja. Kikuyu, Kikamba na Kiluo pia hujenga hivyo. Neno "eleven" halimwambii kitu, na "thirteen" na "thirty" humchanganya hata mtu mzima kwenye simu mbovu.

Mwaka wa 1995 Kevin Miller na wenzake waliwalinganisha watoto wadogo wa Beijing na wa Marekani. Mpaka kumi walikwenda sambamba. Tofauti ilijitokeza baada ya kumi, Wamarekani wakibaki nyuma, kwa kuwa Kichina husema wazi "kumi moja, kumi mbili". Kwa hivyo hesabuni kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani kwanza, halafu Kiingereza kiwekwe juu yake.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Ishirini haifanani na mbili wala thelathini haifanani na tatu, kwa kuwa maneno hayo yalitoka Kiarabu. Mweleze mtoto kwamba ishirini ni makumi mawili, na umwonyeshe kwa vibanio. Mtego mwingine ni upatanisho: kiti kimoja, watu wawili, nyanya mbili. Mtoto anapaswa kung'amua kwamba "viwili", "wawili" na "mbili" ni idadi ile ile. Akisema "viti mbili" kama nusu ya Nairobi, msahihishe kwa upole baadaye. Hesabu yake ni sawa.

Ubao wa mraba kumi

Mwaka wa 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler walijaribu jambo rahisi mno. Waliwapa watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini huko Marekani mchezo wa ubao wenye miraba kumi iliyoandikwa 1 mpaka 10 kwa mstari mmoja. Walicheza mara 4, kila mara dakika 15 hadi 20, ndani ya majuma 2. Watoto hao walipanda katika kuhesabu, kusoma tarakimu na kujua ipi ni kubwa, na majuma 9 baadaye bado walikuwa nao ujuzi huo. Wenzao waliocheza ubao uleule wenye rangi badala ya nambari hawakupata faida hiyo.

Ubao huo unaweza kuukata kutoka kwa katoni ya dukani. Chora miraba kumi kwa mstari ulionyooka, andika nambari, tafuta vifungo viwili viwe wachezaji. Badala ya dadu tumia sarafu: upande mmoja unasonga hatua moja, wa pili hatua mbili. Jambo la kuangalia ni namna ya kuhesabu. Mtoto akiwa kwenye 3 na apate hatua mbili, aseme "nne, tano" anaposonga, asiseme "moja, mbili". Hapo ndipo faida ilipo. Nyoka na ngazi wa mia moja mwachie mkubwa wake, maana mistari ile inayogeuka kulia na kushoto humpoteza mtoto wa miaka 4. Bao, au ajua kama wasemavyo Waluo, pia ni mwalimu mzuri wa kugawa moja moja, lakini atahitaji mtu mzima mwenye subira.

Akihesabu kwa vidole, mwache. Wapo wazazi na hata walimu wanaomchapa mtoto vidole ili ahesabu "kichwani". Vidole ndivyo vifaa vya kwanza alivyopewa, na atavitupa mwenyewe asipovihitaji.

Hofu ya mzazi

Mara ngapi umesema mbele ya mwanao, "Mimi hesabu ilinikataa"? Mwaka wa 2015 Erin Maloney na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani. Wazazi wenye hofu ya hesabu waliposaidia sana kazi za nyumbani, watoto wao walijifunza kidogo zaidi katika mwaka huo na wakaanza kuogopa pia. Wazazi wenye hofu hiyo ambao hawakuingilia mara kwa mara hawakuwaletea watoto wao madhara hayo.

Si kwamba ukae kando. Mchezo wa sahani na vibanio hauna alama wala kosa la kuogopesha, ndiyo maana unamfaa hata mzazi aliyeichukia hesabu tangu shule ya msingi. Dakika kumi zinatosha. Mtoto akianza kupiga miayo au kutupa vifungo, funga duka. Jirani yangu amelielewa hilo kwa shida, lakini pesa za mwalimu wa jioni bado ziko mfukoni mwake, na binti yake sasa hukupa vitatu bila kusitasita. Nne inakuja.

Mambo ya kuangalia

Kwa aliye chini ya miaka 3, usitumie maharagwe, sarafu, shanga wala vifungo. Vitu hivyo humsakama kooni au huingizwa puani na sikioni, na harage lililolowa pua huvimba humo ndani. Mpe viazi, vikombe au viatu. Vifuniko vya chupa vina makali, vichague. Betri ndogo za mviringo za saa na vidude vya kuchezea zisionekane kabisa karibu na michezo hii. Mtoto akimeza moja ni hatari ya saa chache, kimbilia hospitali.

Mtoto anayeonekana mzito wa hesabu aangaliwe kwanza masikio na macho. Asiyesikia vizuri kwa sababu ya usaha wa mara kwa mara hatazishika sauti za "sita" na "saba". Upungufu wa damu unaotokana na uhaba wa madini ya chuma nao humfanya mtoto apoe na achelewe kujifunza, na hupimwa kliniki.

Kuna pia watoto wachache wenye ugumu wa hesabu wa kuzaliwa nao, uitwao diskalkulia, ambao wataalamu hukadiria ni kati ya 3 na 7 katika kila 100. Huwezi kuutambua kwa mtoto wa miaka 4, kwa hivyo usimpachike mwanao jina hilo. Lakini akiwa na miaka 6 kamili, amechezeshwa na kufundishwa kwa upole, na bado hawezi kukupa vitu vitano ukimwomba, zungumza na mwalimu wake, kisha mpeleke kwa daktari wa watoto au katika kituo cha elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Nenda na kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki. Mna ukurasa wa hatua za ukuaji humo, na daktari atataka kujua alianza lini kuketi, kutembea na kusema.